Mashine Haijui Kama Umelala: Maswali ya Wasomaji Kuhusu CPAP

Tangu safu hii ilipogusia suala la kukoroma, barua nyingi zilizotufikia zimetoka kwa watu ambao tayari wamepimwa na kupewa mashine ya CPAP, ile pampu ndogo ya kando ya kitanda inayosukuma hewa puani ili koo lisizibe mtu anapolala. Nimechagua nne. Nimefanya kazi ya ufundi sanifu katika maabara ya usingizi jijini Nairobi kwa miaka 12, na sehemu kubwa ya nitakayoyasema hapa nilifundishwa na watu waliovaa barakoa, si na walionifundisha kuwavalisha.

*Mtaalamu, nakusalimu. Mimi ni mwalimu mstaafu, umri wangu ni miaka 63, na nimetumia CPAP kwa miezi saba. Kila nikienda kliniki, kijana anachomoa kadi ya mashine, anaisoma kwenye kompyuta, kisha ananiambia kuwa niko vizuri kwa sababu namba yangu ni 3. Lakini ikifika saa nne asubuhi ninasinzia barazani huku wenzangu wakicheza bao. Nani anasema uongo, mimi au mashine? – Mwalimu mstaafu, Tanga*

Shikamoo, Mwalimu. Hakuna anayesema uongo, ila mashine imeulizwa swali moja na wewe umeulizwa jingine, au pengine wewe hukuulizwa kabisa.

Namba 3 uliyotajiwa ni wastani wa mara ambazo pumzi yako ilikatika au kupungua sana katika kila saa moja. Pumzi huhesabiwa kuwa imekatika inaposimama kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, wastani ulio chini ya 5 huchukuliwa kuwa wa kawaida, kuanzia 5 hadi 15 ni hali nyepesi, hadi 30 ni hali ya kati, na ukizidi hapo ni hali kali. Kwa hiyo kijana wa kliniki alisoma sawasawa. Jambo ambalo hakukueleza ni jinsi namba hiyo inavyopatikana. Usiku ule uliolala maabara ulibandikwa nyaya kichwani, nazo ndizo zilizotuonyesha ni lini ubongo ulikuwa umelala na ni lini ulikuwa macho. Mashine ya nyumbani haina nyaya hizo. Inachokijua ni mwendo wa hewa ndani ya mpira, yaani bomba linaloileta kwenye barakoa, na saa inazozihesabu ni saa ambazo barakoa ilikuwa usoni, hata kama ulikuwa umelala chali ukiitazama dari na kuwaza ada za wajukuu.

Wewe ni mwalimu, basi tufanye hesabu. Tuseme ulivaa barakoa kwa saa 7 na mashine ikarekodi mikatiko 21. Ukigawanya 21 kwa 7 unapata 3, namba nzuri. Lakini ikiwa katika saa hizo 7 ulilala usingizi wa kweli kwa saa 4 tu, na mikatiko yote ilitokea ndani ya usingizi huo, wastani wako halisi ni zaidi ya 5. Zaidi ya hapo, hata kama pumzi haikatiki kamwe, mtu aliyelala saa 4 lazima asinzie kwenye bao. Ugonjwa wa koo kuziba unaweza kuwa umetibiwa vizuri kabisa na bado mwenye koo akawa hajalala.

Kwa hiyo ningependa utuletee kliniki kitu ambacho kadi haina. Nunua daftari dogo, uliweke karibu na mto pamoja na kalamu, na kwa wiki mbili uandike saa uliyopanda kitandani, saa unayodhani ulipata usingizi, kila mara ulipoamka na kilichokuamsha, na kama ulipotoka msalani uliivaa barakoa tena au uliiacha ining'inie. Hilo la mwisho nakuomba uliandike kwa ukweli, kwa sababu saa za alfajiri ndizo zenye wingi wa ule usingizi wa ndoto ambao misuli ya koo hulegea zaidi, na ndizo saa ambazo wazee wengi wanaotoka msalani hawaivai tena. Ukiwa na daftari hilo na kadi ile pamoja, daktari ataweza kuamua kama shida ni ya mashine, ya dawa unazotumia, ya upungufu wa damu, ya tezi ya shingo, ya huzuni, au ni ya muda mfupi tu wa kulala.

Daftari hili silo wazo langu. Nililipata kwa mama mmoja mshonaji wa nguo, ambaye kadi yake ilionyesha kila usiku alivua barakoa baada ya saa ya kumi alfajiri, nasi tukamwandika kuwa mgonjwa asiyefuata maelekezo. Alipoletwa kuulizwa, alitoa daftari la mraba mkobani. Alikuwa ameandika usiku kumi na tano mfululizo neno moja: "maji". Chumba chake kilikuwa na kiyoyozi, hewa yenye unyevunyevu kutoka kwenye chombo cha maji cha mashine, kinachozuia pua na koo kukauka, ilipoa ikiwa bado njiani, ikageuka matone ndani ya mpira, na kuelekea alfajiri matone yakamwagika puani. Tungeweza kumtafutia mpira unaopashwa moto. Yeye alikuwa ameshaushonea mpira wake gauni la kitenge lenye pamba ndani, na maji yakakoma. Tangu siku hiyo kila mgonjwa wangu anayelala kwenye baridi ninamwambia aufunike mpira kwa kitambaa au aupitishe chini ya blanketi, na ninamtaja mshonaji bila jina.

*Mpendwa mtaalamu, mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Alipewa CPAP mwezi wa tatu. Anaivaa saa tatu usiku, na nikiamka saa sita naikuta sakafuni. Anaapa kwamba hakuivua. Analalamika pia kwamba tumbo linajaa hewa. Jambo la pili, tumeambiwa tutumie maji yaliyotoneshwa (distilled water) kwenye kile chombo chake cha maji, nasi tumekuwa tukinunua maji ya betri petroli stesheni. Je, yanafaa? – Mama watoto, Mombasa*

Dada yangu, nianze na la pili kwa sababu halingoji. Acheni maji ya betri leo hii. Maji hayo yametengenezwa kwa ajili ya gari, hakuna aliyeyapima kwa ajili ya mapafu ya mtu, na kwenye rafu hizo hizo huuzwa asidi ya betri ndani ya chupa zinazofanana. Ulizeni maji yaliyotoneshwa kwenye duka la dawa. Yakikosekana kwa siku chache, maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupozwa yatasaidia, ila yataacha ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika, kwa hiyo chombo kioshwe kila asubuhi kwa sabuni laini na kianikwe. Katika joto la pwani, kwa mtu anayelala dirisha wazi bila kiyoyozi, wagonjwa wangu kadhaa walinionyesha kwamba chombo cha maji hawakihitaji kabisa. Hewa ya Mombasa ina unyevu wa kutosha. Jaribuni usiku mbili tatu bila maji, na kama pua na koo havikauki, mtakuwa mmepunguza kazi moja.

Kuhusu barakoa iliyo sakafuni, mwamini mumeo. Watu wengi huivua wakiwa usingizini na asubuhi hawakumbuki lolote. Mkono huenda wenyewe usoni kwa sababu kuna kinachokera, na wewe unayelala kando yake ndiwe shahidi pekee, kwa kuwa mashine itatuambia tu kwamba saa sita kasoro robo hewa ilianza kuvuja sana na kisha ikazimwa. Usiku mmoja, usingizi ukikupitia mbali, mwangalie kuanzia saa nne na nusu. Je, mdomo unafunguka na hewa inatoka huko kwa mlio? Je, pua imeziba? Je, amelala chali? Je, barakoa imepanda ikampulizia machoni? Kila jibu lina dawa yake. Pua iliyoziba husafishwa kwa maji ya chumvi yaliyotayarishwa kwa maji safi yaliyochemshwa. Mdomo unaofunguka huweza kuhitaji barakoa inayofunika pua na mdomo pamoja. Ndevu nyingi huinua ukingo wa barakoa, na hapo vijipira vidogo vinavyokaa kwenye matundu ya pua huwa afadhali.

Liko kosa moja ambalo ni letu sisi mafundi. Mara nyingi tunaiweka mashine ianze na shinikizo dogo sana kisha ipande polepole, tukidhani kwamba tunamstarehesha mgonjwa. Kwa mtu mwenye kifua kikubwa, shinikizo la 4 (hupimwa kwa sentimita za maji) huwa kama kuvuta hewa kupitia mrija wa soda. Madereva wawili walinieleza hivyo kwa maneno yanayokaribia kufanana, mmoja akasema alihisi amefungiwa ndani ya kabati la nguo, na tulipoanzia juu kidogo wote wawili waliacha kuivua. Mwulize mumeo kama dakika za mwanzo anahisi hewa haitoshi. Akikubali, mpelekee fundi wenu ujumbe huo.

Hewa tumboni hutokana na kuimeza. Kulala ubavu husaidia baadhi ya watu, na wengine huhitaji shinikizo lipunguzwe au aina ya mashine ibadilishwe, jambo ambalo daktari ataliamua. Msikaze mikanda ya barakoa mkidhani kwamba mnazuia kuvuja. Ukingo wake umetengenezwa ujae hewa na kukaa usoni kama mto, na ukiukandamiza sana unakunjamana na kuvuja zaidi. Mikanda ipimwe akiwa amelala kitandani na mashine ikiwa imewashwa, kwa sababu uso wa mtu aliyesimama mbele ya kioo si uso anaolala nao.

Na kwa kuwa ni dereva: mpaka usingizi wake wa mchana utakapokwisha, asiendeshe akiwa anasinzia, hata kama mwenye gari anamngoja bandarini.

*Kaka, mimi ni fundi sanifu mpya Dar es Salaam. Mgonjwa wetu mmoja amegundua jinsi ya kuingia kwenye mipangilio iliyofichwa ya mashine, akajipunguzia shinikizo kutoka 12 hadi 8. Nilimkaripia. Msimamizi wangu anataka tuifunge mashine kwa namba ya siri. Wewe ungefanyaje? – Fundi mdogo, Dar es Salaam*

Mdogo wangu, ningemwuliza kwa nini alichagua 8, nami ningenyamaza mpaka amalize kusema.

Zingatia jinsi ile 12 ilivyopatikana. Ni namba ya usiku mmoja, katika kitanda kisicho chake, akiwa na nyaya kichwani na mtu anayemtazama kupitia kamera, pengine akiwa amelala chali kwa sababu nyaya hazikumruhusu kugeuka, na tunajua kwamba watu wengi wanaolala chali huhitaji shinikizo kubwa kuliko wanapolala ubavu. Yeye ameishi na namba hiyo usiku mwingi nyumbani kwake. Huenda hewa ilimjaa tumboni, huenda barakoa ilipiga kelele mpaka mkewe akahamia chumba kingine, huenda amepungua kilo kumi tangu alipopimwa. Kila sababu kati ya hizo ni habari ya kitabibu ambayo wewe na msimamizi wako hamkuwa nayo kabla hajabonyeza.

Sisemi alifanya vema. Shinikizo likipungua mno koo huziba tena bila mwenyewe kujua, na kwa watu wenye moyo dhaifu au wanaotumia dawa kali za maumivu kuna aina ya mikatiko inayoanzia ubongoni, ambayo haitibiwi kwa kuongeza wala kupunguza kwa kubahatisha. Mweleze hayo kwa lugha anayoielewa. Mimi hutumia glasi ya maji na mrija: shinikizo la 10 ni nguvu ile ile inayohitajika kutoa povu kwenye mrija uliozamishwa sentimita 10 ndani ya maji. Mpe apulize kwenye 8, kisha kwenye 12. Atakuelewa vizuri kuliko kwa karipio, na nina hakika atakurudishia swali ambalo hukulitarajia.

Kufuli ya namba ya siri ina matumizi yake, hasa nyumba yenye watoto. Kwa mtu mzima aliyejifunza mwenyewe njia ya kuingia, utakachofunga ni mdomo wake. Atatafuta namba hiyo na kuipata, na safari hii hatakuambia.

Nakukumbusha pia tulikotoka. Mwaka 1980 huko Sydney, Australia, daktari Colin Sullivan alikuwa na wagonjwa ambao koo zao ziliziba usiku kucha, na tiba ya uhakika wakati huo ilikuwa kuwatoboa shingo. Yeye na wenzake walichukua mota ya aina inayotumika kwenye mashine ya kufyonza vumbi, wakatengeneza barakoa za pua kwa kufuata umbo la pua ya kila mtu, na barakoa ikagandishwa usoni kwa gundi ya silikoni. Mwaka 1981 walichapisha matokeo ya wagonjwa 5 katika jarida la The Lancet. Watu hao watano walikubali kugandishwa barakoa usoni karibu na mota yenye kelele, wakaeleza asubuhi walivyojisikia, na maelezo yao yakawa sehemu ya chombo hicho tangu siku ya kwanza. Kazi yetu haikuwahi kuwa ya upande mmoja.

Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi wa kumwonyesha msimamizi wako, mkumbushe utafiti mkubwa uitwao SAVE, uliotolewa mwaka 2016 ukiwa na washiriki 2,717 wenye ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo. CPAP haikupunguza mashambulizi ya moyo wala viharusi miongoni mwao, ingawa ilipunguza kukoroma na kusinzia mchana na ikaboresha hali zao za maisha. Wataalamu wameyatafsiri matokeo hayo kwa njia mbalimbali. Mimi jicho langu hubaki kwenye takwimu moja: kwa wastani waliivaa mashine kwa saa 3.3 tu kwa usiku. Hakuna shinikizo lililopimwa kwa usahihi linalomsaidia mtu aliyeivua barakoa saa saba usiku.

Jambo la mwisho kwako, na hili ni agizo kuliko ushauri. Chukua mashine nyumbani ulale nayo. Mimi nilifanya hivyo katika mwaka wangu wa nne wa kazi, jambo ambalo naona aibu kuliandika, na niliivua saa nane kasoro dakika ishirini. Kilichonishinda kilikuwa kutoa pumzi. Kwa miaka minne nilikuwa nikiwaambia watu "pumua kawaida", maneno yasiyo na faida yoyote kwa mtu anayesukumiwa hewa puani. Nilipomsimulia mgonjwa mmoja, mpishi wa shule, alicheka sana, kisha akaniambia, "Usishindane nayo. Iache iingie yenyewe, na wewe itoe taratibu kama unayepoza uji." Usiku uliofuata nililala mpaka adhana.

*Ndugu mtaalamu, ninaishi Columbus, Ohio. Nimepewa mashine mpya, na kampuni iliyoniletea inanipigia simu kila wiki kuniambia kwamba nisipofikisha saa 4 itachukuliwa. Ninayo pia mashine aliyoiacha marehemu mjomba. Nataka kumpelekea baba yangu Unguja, kwani anakoroma sana. Je, nifanye hivyo? – Binti wa Unguja, Marekani*

Binti yangu, saa 4 ni kipimo cha malipo. Medicare, bima ya serikali ya Marekani, hutaka mgonjwa mpya atumie mashine walau saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya usiku ndani ya siku 30 mfululizo, mnamo miezi mitatu ya mwanzo, na kampuni nyingi za bima zimeifuata kanuni hiyo. Fikisha ili usinyang'anywe, lakini usiivue saa 4 zikitimia. Koo lako halijui habari za bima. Wakikupigia tena, waeleze kinachokushinda badala ya kuomba radhi, kwa sababu una haki ya kuomba barakoa ya aina nyingine mapema.

Kuhusu mzee, mashine ya marehemu imepangwa kwa koo la marehemu. Kukoroma pekee hakutoshi kuthibitisha ugonjwa. Baba apimwe kwanza, na siku hizi kipimo kinaweza kufanywa nyumbani kwa kifaa kidogo cha kidoleni na kifuani. Mama, au yeyote anayelala karibu naye, aende naye kwa daktari aeleze kama pumzi husimama kisha hurudi kwa kushtuka. Akithibitishwa kuwa anahitaji mashine, hiyo ya mjomba inaweza kufaa iwapo daktari ataipanga upya, na barakoa, mpira na kichujio vyote viwe vipya.

Kabla ya kuifunga kwenye sanduku, soma namba iliyo chini yake. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips iliziita tena mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji la kuzuia kelele ndani yake liliweza kumomonyoka na chembe zake kuvutwa na mgonjwa. Kama ya mjomba ni miongoni mwa hizo na haikutengenezwa, isisafiri. Umeme wa Unguja ni wa volti 230, basi tazama kama adapta imeandikwa 100 hadi 240.

Mzee pia ataogopa kukatika kwa umeme, na ana haki ya kuogopa. Mwambie kwamba barakoa ina matundu ya kutolea pumzi, ile inayofunika mdomo ina vali inayofunguka mashine ikizimika, na kwa ile ya puani atafungua mdomo. Wagonjwa wa vijijini wamenifundisha kuiendesha kwa betri ya sola kupitia adapta inayouzwa kwa ajili ya aina ya mashine husika, wakiwa wamezima kipasha maji, kwa kuwa hicho ndicho kinachomaliza chaji kuliko mota yenyewe. Niandikie aina ya mashine ilivyo kwenye kibandiko chake, nami nitakujibu ni adapta gani ya kutafuta.